Ushuhuda usio na maikrofoni

Nikirudi Moshi likizo kutoka Ujerumani, swali ninaloulizwa kuliko yote sio la baridi wala mshahara, ni "huko unasali wapi?" Na kwa Kilimanjaro hilo swali halina mchezo, ukijibu ovyo jioni ukoo umeshakaa kikao. Mi huwa najibu kuna kanisa la Kilutheri karibu na ninapokaa, na kweli lipo, tena zuri, lina kinanda cha kufa mtu, ila zamu zangu nyingi zinaangukia Jumapili na hata nikiwa huru siendi sana. Mama mkubwa, ambaye ni mzee wa kanisa, ndo pekee niliyemwambia ukweli, kwamba siku hizi imani yangu inalishwa na stori za watu nisiowajua, akaniangalia kama nimemwambia nimejiunga na freemason. Basi ngoja nieleze vizuri, labda na yeye atasoma mjukuu wake akimfungulia simu.

Nakaa Leipzig, Ujerumani, nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee. Kuogesha, kuvalisha, kugawa dawa, kusukuma kiti cha magurudumu mtu akaote jua siku likiwepo. Kwa wasiojua, Leipzig ndo ulikotoka ule umisheni wa Kilutheri uliokuja kwetu mwaka 1893 ukaanzia Machame, kwa hiyo nilipopata hiyo kazi bibi yangu alifurahi kuliko mimi, akajua mjukuu anaenda kwenye chimbuko, nitakuta watu wamejaa kanisani mpaka nje kwenye maturubai kama kwetu Krismasi. Wapi bwana. Ujerumani ya Mashariki ni kati ya sehemu za dunia zenye watu wachache kabisa wanaosema wanamwamini Mungu. Wazee wengi ninaowahudumia walikua chini ya serikali ya kikomunisti iliyoona kanisa ni adui, wengine hawajawahi kusali maisha yao yote na wala hawaoni wamekosa nini. Mwaka wa kwanza na mimi nilipoa. Sio kwamba niligombana na Mungu, hapana, nilikuwa nachoka tu, napiga magoti usiku nasinzia kabla ya amina, mahubiri ya nyumbani nayafungulia kwenye simu huku nakaanga mayai na yakiisha siwezi kukuambia mchungaji amesema nini.

Aliyenirudisha ni bibi mmoja wa ghorofa ya pili ambaye mwenyewe haamini Mungu hata kidogo.

Huyu bibi asubuhi hapendi haraka. Ukimvalisha soksi anataka mshono ukae sawasawa kwenye vidole, ukikosea anakurudisha uanze upya, na wakati unahangaika na soksi ndo anaongea. Siku moja akaanza tu, bila hata kuulizwa, kwamba tarehe 30 Mei 1968 alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu hapohapo Leipzig, na asubuhi hiyo serikali ililipua kanisa la chuo, kanisa lililokuwa limesimama zaidi ya miaka 700, mabomu ya Vita ya Pili ya Dunia hayakuliangusha, sasa likaangushwa na wenye nchi wenyewe kwa sababu halikupendeza kwenye uwanja waliokuwa wameupa jina la Karl Marx. Anasema yeye alikuwa darasani. Vioo vikatetemeka, mwalimu akanyamaza kidogo kisha akaendelea na somo palepale alipoishia, na wanafunzi wote wakaendelea kuandika. Yeye pia aliandika. Akaniambia hajui hata kanisa lile lilikuwa la dhehebu gani siku hizo na haikumhusu, kilichomkaa ni ile kalamu yake kuendelea kwenda.

Halafu akanyanyua mguu wa pili nimvalishe.

Ilipita kama wiki ndo akanimalizia. Mwaka 1989 watu wa Leipzig walikuwa wanakutana kila Jumatatu jioni kanisa la Mtakatifu Nikolai kwenye sala za amani kisha wanaandamana, na tarehe 9 Oktoba mji mzima ulijua askari wamepangwa na huenda watapiga risasi. Bibi yangu huyu, asiyeamini, alimpeleka mwanae kwa jirani na karatasi yenye anwani ya bibi wa yule mtoto, ikitokea hajarudi, akavaa viatu vya kukimbilia akaenda. Wakatokea watu kama 70,000 wameshika mishumaa, hakuna aliyepigwa risasi, na mwezi mmoja baadaye ukuta wa Berlin ukafunguliwa. Nikamuuliza kwa nini alienda na yeye sio mtu wa sala. Akasema safari hii hakutaka kuwa anaandika.

Dah. Mi nimesikia mahubiri mengi ya Petro aliyemkana Yesu kabla jogoo hajawika, nimeyasikia tangu Sunday school, lakini hayajawahi kunishika kama yalivyonishika pale chini kwenye zulia na soksi mkononi. Usiku ule nilisali kama mtu anayeongea na mtu.

Baada ya hapo nikawa nasikiliza kwa masikio mengine. Kuna babu wa chumba cha mwisho, mtoto wa mchungaji, alipofika miaka 14 alikataa kufanya ile sherehe ya serikali ya vijana waliyowekewa badala ya kipaimara, wakamnyima nafasi ya kuendelea na masomo, aliyetaka kuwa daktari akawa fundi bomba miaka yote, na hana kinyongo, anajisifia mabomba yake. Na mimi nawapa za kwetu, sio wao tu wanaosimulia. Nilimweleza yule bibi habari za Mangi Meli, chifu wetu wa Kichaga aliyenyongwa na Wajerumani Old Moshi tarehe 2 Machi 1900, na kwamba ukoo wake wamehangaika miaka na miaka kukitafuta kichwa chake kinachosemekana kilipelekwa Ujerumani. Hakujitetea wala hakuomba msamaha kwa niaba ya mtu. Aliuliza mti alionyongewa kama bado upo, nikamwambia upo. Akaniuliza watoto wanapita hapo wakienda shule? Swali hilo sijawahi kuulizwa na Mzungu yeyote.

Sasa mtaniambia mbona Moshi ushuhuda upo tele, kila mkutano wa injili kuna foleni ya watu wanasubiri maikrofoni. Ni kweli, na simhukumu mtu, ila mi na ushuhuda wa jukwaani tunasalimiana kwa mbali. Unaanza na mtu alilala njaa unaishia na Prado, kila mara, na katikati kuna sadaka. Ndugu naye akikusimulia maisha yake, hasa wewe wa nje, mwisho wa stori kuna ada ya shule inakusubiri. (Wadau wa ughaibuni mnanielewa.) Lakini mtu usiyemjua, tuseme mliyekaa kiti kimoja kwenye gari, hana anachokudai. Anakupa alichonacho mpaka mmoja wenu ashuke, na wewe huna pa kuhakikisha, unaamua tu kumwamini au unaangalia dirishani. Mama mkubwa hapo aliniingilia na Yohana, kwamba asiyempenda ndugu aliyemwona atampendaje Mungu asiyemwona. Nikamwambia mama, hapo umenisaidia, ndo nilichokuwa natafuta kukisema.

Juzi hii nimepanda Hiace stendi ya Moshi kwenda kwetu Mwika, na mnajua Desemba ilivyo, Wachaga wote wa Dar wako barabarani na kiti cha watu watatu konda anasema ni cha wanne, "sogea dada usinichelewesheee." Pembeni yangu mzee wa makamo, shati la mikono mirefu limepigwa pasi, na kwenye mfuko wake wa nailoni kuna kilo mbili za sukari, kitenge kipya, na kitu kimezungushiwa gazeti ila ncha imetokeza, nikaona ni jani la sale. Kwa wasio wa huku, sale ndo jani letu la kuombea msamaha. Ukiletewa sale iliyofungwa fundo hata kama mtu alikuchomea nyumba unatakiwa ukae chini umsikilize.

Nikasema shikamoo baba, akajibu marahaba mwanangu unashukia wapi, nikamwambia Mwika, yeye anaenda Mkuu. Mi sikuuliza. Tulipopita Kiboriloni akaanza mwenyewe.

Baba yao alipofariki kihamba, yaani shamba la familia, kiligawanywa, mdogo wake kitindamimba akabaki na nyumba ya wazazi kama desturi, na mpaka kati yao ulikuwa mstari wa masale. Yeye kaka mkubwa usiku mmoja akayang'oa akayapanda upya hatua kadhaa ndani ya shamba la mdogo wake. Migomba kumi na kitu ikahama upande. Asubuhi kila mtu aliona na hakuna aliyesema, mpaka mdogo akaja yeye, yule aliyeibiwa, na sale mkononi na mbege, pombe yetu ya ndizi, kuomba yaishe maana mama yao alikuwa anaumia. "Nikamwacha amesimama getini," akaniambia. "Nilikuwa ndani namsikia anakohoa."

Kisha mama akafa, yeye akahamia Dar, miaka ikaenda. Mwezi uliopita ameota baba yake yuko shambani anahesabu migomba kwa sauti, akifika mwisho anarudia. Alfajiri akaenda kukata sale kwenye uzio wa jirani, maana Dar watu wanaipanda kama maua tu, jirani akatoka na tochi, "mzee vipi, unafanya nini na maua yangu saa kumi na moja?" Hapo alicheka, na mimi nikacheka, mpaka konda akageuka.

Hakunitajia Mungu hata mara moja. Himo tulisimama kushusha mtu na magunia, akalitoa lile jani kwenye gazeti akalikagua kama limenyauka, akalirudisha taratibu, na mimi nikajikuta namwombea mdogo mtu ambaye sijawahi kumuona awe nyumbani, awe mzima, atoke. Niliomba mpaka Marangu Mtoni bila kusinzia, goti la abiria wa nyuma likiwa kwenye mbavu zangu. Nilipofika Mwika nikamwambia baba nenda salama, akaniambia asante mwanangu, gari likaondoka.

Jana mfanyakazi mwenzangu alinipigia kwa video akanipitishia kwa bibi wa ghorofa ya pili, nikamsimulia yote, jani, geti, migomba inayohesabiwa. Alisikiliza kimya mpaka mwisho. Halafu akauliza, ikawaje, alifunguliwa? Nikamwambia sijui, mimi nilishuka Mwika. Amekasirika kweli yule bibi. Ameniambia nauli ya kutoka hapo mpaka Mkuu angenirudishia yeye.