Meli ya baba mdogo

Jana hapa Majengo, Moshi, baba mdogo kaniita nimwekee video kwenye simu. Meli aliyokuwa mpishi wake miaka 11, ile ya kulaza mabomba ya gesi baharini, imefika Alang, India, ikakatwekatwe iwe chuma chakavu. Kule haitii nanga gatini. Wanasubiri bamvua, zile siku bahari inapojaa sana, na maji yakijaa wanaisukuma kwa injini yake yenyewe mpaka omo, yaani sehemu ya mbele ya meli, ipande ufukweni. Maji yakitoka, mafundi wanaingia na moto wa gesi. Kazi ya hatari ile, msione mchezo.

Mzee akasimamisha picha, akagusa kidirisha cha duara: "Jiko langu hilo." Chai ikapoa. Mama mdogo naye, bila haya: "Na masufuria je, wameyatoa?"