Mikaratusi ya mzee na mfuko wa chemchemi

Kinyungu changu kilikauka Septemba 2019, mahindi yakiwa kimo cha magoti. Kwa asiye mtu wa Iringa: kinyungu ni bustani ya bondeni, tunailima kiangazi kwa unyevu uliobaki ardhini. Mahindi mabichi yake ndiyo sare na madaftari ya Januari.

Juu ya chemchemi inayolisha bonde letu mzee mmoja wa kitongojini alikuwa na mikaratusi, miti inayofyonza maji mengi. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kuzunguka chanzo cha maji, na wenzangu walitaka mtendaji amsomee mzee sheria hiyo mkutanoni. Nikaomba niende kwanza mimi.

"Kamwene, baba."

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Sawa, mwanangu. Nikiikata, mimi nakula nini?"

Nilirudi nyumbani bila jibu. Kwenye kikundi tulikuwa tumepiga hesabu ya miche, viriba na chai ya siku ya kupanda. Tumbo la mzee halikuwemo.

Sisi ni kikundi cha hisa, wanawake 22. Tulianzisha mfuko wa pembeni: kila mwenye kinyungu bonde lile, mwanachama au la, achange shilingi 1,000 kwa wiki. Kelele zilikuwa nyingi. Kuna aliyesema maji ni ya Mungu. Nikamwambia mikaratusi je? Msimu mzima ulipita ndipo tukafikia pa kuanzia. Mzee alikata miti, akauza nguzo, pesa yote yake. Sisi tukamkopesha bila riba miche 40 ya parachichi aina ya Hass, ile ya kubebesha, aipande shamba lake la mlimani na arejeshe atakapoanza kuvuna. Chemchemini tukapanda mivengi, miti ya asili inayofaa kwenye vyanzo vya maji.

Kupanda ni siku moja. Visiki ndivyo vilivyotutoa jasho, maana mkaratusi ukikatwa haufi, mvua ikinyesha unachipua upya. Tulipeana zamu za kukata machipukizi, na yale marefu tukayauza kama fito za nyanya. Hela ndogo, lakini ilinunua mapanga.

Kisha tukaomba mkopo wa halmashauri, ule unaotoka kwenye asilimia 10 ya mapato yake ya ndani; humo wanawake wametengewa asilimia 4. Andiko la kwanza lilihusu kutunza chemchemi, likarudi. Chemchemi hairejeshi mkopo, tukaambiwa. La pili tuliandika mizinga ya nyuki, likapita. Mizinga imetundikwa wapi? Hapo hapo juu ya chemchemi, na tangu nyuki wahamie hakuna anayeingiza ng'ombe.

Maji hayakurudi kwa kishindo. Kiangazi cha 2022 kijito kilitiririka mpaka Oktoba, mwaka uliofuata hakikukatika, na niliuza mahindi mabichi mpaka Desemba. Maji yanayobaki yanateremka mto Ruaha Mdogo, kisha bwawa la Mtera kwenye mitambo ya umeme ya megawati 80. Huwa nawatania wenzangu kwamba taa za mjini nazo zingechanga 1,000 kwa wiki.

Mzee ameshaleta rejesho la kwanza, shilingi 30,000. Sasa jirani yake ng'ambo ya kijito, mwenye mikaratusi kumzidi, amekubali kukata, ila anataka miche 100. Mfuko una pesa ya 30. Tunakutana Jumamosi.