Wawili tu?

Binti yangu yuko form two na simu yangu anaitumia kuliko mi mwenyewe. Juzi kaganda kwenye habari ya ajali, wamemtaja mheshimiwa mmoja aliyefariki, cheo chake, watoto aliowaacha, mpaka shule aliyosoma, halafu mwisho kabisa "pamoja na watu wengine wawili". Akaniuliza, mama, hao wengine wawili wanaitwa nani? Nikamwambia atoe vyombo mezani. Lakini kichwa kilishaenda Pasaka ya 2012.

Wa siku nyingi mnajua kipindi kile nilikuwa natuma habari magazetini toka Mbeya, mwandishi wa kujitegemea, na kujitegemea kweli maana stori ikitoka unalipwa, isipotoka nauli imekula kwako. Ijumaa Kuu duara moja, yaani shimo la wachimbaji wadogo wa dhahabu, kule Makongolosi, Chunya, liliporomoka likafukia vijana wawili. Mvua za masika, udongo umeloa, magogo ya kushikilia kuta hakuna au yapo ya kubahatisha, yaani vilevile kama siku zote. Mmoja kwao Ilemi, hapa hapa mjini. Jumamosi nikampigia mhariri wa zamu Dar.

Sasa hiyo Jumamosi ilikuwa tarehe 7 Aprili. Mnaikumbuka. Kanumba, yule muigizaji wa filamu, kafariki usiku nyumbani kwake Sinza, nchi nzima imesimama.

"Kaka nina stori ya Chunya, wachimbaji wamefukiwa."

"Wangapi?"

"Wawili."

"Wawili tu?" Nasikia simu nyingine zinaita nyuma yake. "Ni kina nani?"

Nikamtajia majina. Akasema hapana dada, namaanisha ni kina nani. Nikanyamaza maana nilimwelewa. Akasema kurasa zote leo ni Kanumba, hata matangazo tunayasogeza, jaribu wiki ijayo. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa na gazeti la kuuza na siku ile lilikuwa linauzika kwa sura moja.

Maziko ya kijana wa Ilemi yakaangukia Jumanne tarehe 10, siku ileile anazikwa Kanumba Kinondoni. Nilienda kama mwandishi ila nikaishia kumenya vitunguu na kina mama. Mjomba wa marehemu alinifuata mpaka kwenye masufuria, akanivuta pembeni, anataka kujua inatoka lini. Mwenye duara alileta jeneza na gunia la mchele basi, simu akazima. Mjomba akili yake ilikuwa wazi tu, ikitoka gazetini mkuu wa wilaya ataenda kule, watu wa madini wataenda, na huyo bwana simu yake itawaka. Hakutaka mpwa wake awe maarufu, alitaka mtu aogope. Nikamwambia nafuatilia mjomba.

Kwenye saa tano hivi nikaona turubai linapungua watu. Mwanzo vijana, halafu wamama mmojammoja, anainuka, anakung'uta kitenge, anazunguka nyuma ya nyumba. Jirani alikuwa na TV, ile ya mgongo mkubwa, na wanaonyesha laivu Kanumba anavyoagwa viwanja vya Leaders, Dar. Nikaenda na mimi, kwa nini nisiende. Chumba kimejaa mpaka dirishani, watu wanalia kwa sauti kuliko walivyolia kwenye jeneza la pale nje. Kule Leaders watu wanazimia, wanabebwa juu juu.

Mara mlangoni kimya. Nageuka, mama wa marehemu kasimama, mabinti wawili wamemshika huku na huku. Mi nikasema leo tumeumbuka. Mwenye nyumba akakimbilia kuzima TV, mama akamwambia iache. Wakampisha akakaa kwenye kigoda karibu kabisa na kioo, ile chenga chenga inamuwaka usoni. Tangu maiti iletwe Jumapili alikuwa hajatoa chozi, walishaanza kumwogopea. Akaangalia weeee. Akauliza, "Mama yake ndo yupi?" Hakuna aliyejibu. Akauliza tena. Kamera ikapita kwa wafiwa, msichana mmoja akasema nadhani yule pale. Mama akasogea akagusa kioo na vidole, akasema, "Pole mwenzangu. Pole mama. Wa kwako umemwona sura, wangu wamenikataza kufunua." Ndo akalia sasa. Na chumba chote kikalia, na mpaka leo siwezi kukwambia tulikuwa tunamlilia nani.

Saa tisa tukazika, mvua ikanyesha, kila mtu kwao.

Stori haikutoka, wiki iliyofuata ilishakuwa kiporo. Mwaka huohuo Septemba 2 mwandishi mwenzetu Daudi Mwangosi akauawa Nyololo, Mufindi, akiwa kazini, polisi wakitawanya wafuasi wa Chadema, mbele ya kamera za wenzake, na sisi waandishi tuliandika, tuliandamana, hatukukubali ipoe, mpaka askari mmoja akafungwa 2016. Ilikuwa haki yake kabisa. Lakini siku sita kabla yake kuna kijana aliuawa Morogoro kwenye purukushani za polisi na wafuasi wa chama kilekile, na huyo alikuwa muuza magazeti. Alikuwa anauza majina yetu barabarani. Waulize waandishi kumi wanaitwa nani hao wawili uone la pili watalijua wangapi.

Na Machi 11, 2015, basi lililotoka Mbeya lilipolaliwa na kontena pale Changarawe, Mafinga, wakafa watu zaidi ya 40, mhariri ndo alinipigia mimi. Hakuuliza ni kina nani.

Yule mjomba tunawasiliana bado. Kila duara likiporomoka popote kule Chunya ananipigia kabla hata hajasalimia, "Mwandishi, leo wamefika wanne. Wanatosha?" Kuandika magazetini nilishaacha na nimemwambia mara kibao. Anasema anajua, ila namba nyingine hana.