Hukumu si ya kushangilia

Hukumu ya Mungu ipo, naiamini kabisa. Yesu mwenyewe, katika Luka 16, alisimulia habari za tajiri anayeteseka kuzimu akiomba tone la maji. Sitaki kuifuta sura hiyo.

Ila juzi hapa Jinja tumemzika kijana wa bodaboda aliyegongwa na lori, mnywaji, kila mtu mtaani alijua. Mhubiri akasimama kando ya kaburi akatangaza kwamba marehemu tayari anaungua. Watu wakaitikia amina! Mama mzazi amekaa pale pale kwenye mkeka, anasikia kila neno. Niliumia sana, jamani.

Katika Luka 13 Yesu anawataja watu 18 walioangukiwa na mnara kule Siloamu, na anakana kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine Yerusalemu. Anawageukia walio hai: tubuni ninyi. Na katika Ezekieli 33 Mungu anaapa kwamba hafurahii kufa kwake mwovu. Sasa zile amina zetu zilitoka wapi?

Mwizi msalabani alipokelewa saa zake za mwisho. Wachungaji mnaosoma hapa, nani kati yenu alisikia kijana yule aliomba nini chini ya lori?