Niko nakulipa ya nini?

Hili neno limenikaa kooni tangu siku ya posho, yaani Jumamosi, nikasema wacha niliandike hapa pengine litashuka.

Mnajua nafundisha watoto kupaka picha, na mwisho wa mwezi wazazi wanakuja kuchukua kazi zao, tunazitundika kwenye kamba pale uani kwa vibanio vya nguo, watu wanapita wanaangalia, wanakunywa sukre, wanaenda. Sasa yule mtoto wa kike anayekaa mwisho wa benchi, yule niliwaambia hasemi na mtu na penso, ile brashi, hataki, anapaka kwa vidole, safari hii alimtoa bibi yake chini ya mwembe, kwenye kipande cha boksi. Bibi ni mkubwa kuliko nyumba. Majani ya mwembe, kila jani ni alama ya ncha ya kidole, ya chini mazito, kijani imejaa, ukipanda yanaanza kufifia maana rangi imemkaukia kidoleni na hakuchovya tena, yanapungua, yanapungua, mpaka kona yote ya juu ni boksi tupu. Nilimuuliza mbona ameacha hapo. Akasema, "Pale njo upepo inapitaka," yaani pale ndipo upepo unapita. Basi, akarudi kunawa mikono.

Papa yake akafika, amevaa vizuri, akasimama mbele ya ile kazi muda mrefu.

"Mwalimu, ya mtoto wangu njo hii?"

"Njo hii, papa."

"Sasa hapa juu mbona hakuna kitu?"

"Ameiacha vile yeye mwenyewe, papa. Anasema ni ya upepo."

Akacheka kidogo, si kwa ubaya. "Basi malizia, mwalimu. Weka mawingu kidogo, na huyu mama yangu mumupunguze, ataingiaka namna gani mu ile nyumba? Wewe njo fundi. Niko nataka kuitia mu salon." Yaani sebuleni kwake.

Nikamwambia, "Papa, nikitia mkono wangu haitakuwa ya mtoto tena."

Akanigeukia. "Sasa mimi niko nakulipa ya nini?"

Na mtoto yuko pale katikati yetu, anachezea kibanio, anafungua anafunga. Nilitaka kujibu, mama mwingine akanivuta mkono anauliza kiatu cha mwanawe kimeenda wapi, nilipogeuka papa ameshaikunja boksi chini ya kwapa, amesema aksanti sana mwalimu, amelipa na mwezi unaokuja, wanatoka getini.

Wiki yenyewe ilikuwa kubwa, mdogo wangu amezaa mapasa, yaani mapacha, Jumanne usiku, wote wazima na mama yao mzima, mzee wetu ametoka hospitali, kuranti ya umeme imekatika na kurudi na kukatika, na katikati ya yote hayo mimi niko najibizana na papa wa watu. Nikisonga bukari namjibu. Kwenye teksi namjibu. Nimeshika pasa mmoja mikononi, kichwa chake bado kina nywele za uzazi, na ndani yangu kuna sauti inasema, papa, unanilipa nimwachie nafasi. Halafu naona hapana, hilo jibu ni la mtu anayetafuta maneno mazuri, yeye ni dereva wa lori, anapanga mstari Kasumbalesa, mpakani na Zambia, siku na siku na mzigo wa watu wengine, franka yake imetoka jasho, na ana haki kabisa ya kujua inanunua nini. Akinunua mlango, fundi hamwachii nafasi ya upepo.

Na hapo ndipo linanichoma, maana mjomba wangu, fundi wa tablo, yaani picha za kupaka, angemalizia bila swali. Wale waliosoma siku za nyuma mnamjua mjomba, amerikani ya magunia ya unga, anaivuta kwenye mbao, anapaka nyeupe kwanza, ikikauka anauliza mteja anataka nini. Mteja anataka mamba muntu, yule nguva, mwenye saa mkononi, mjomba anatia saa. Anataka nywele ndefu zaidi, anazirefusha. Anataka Colonie belge, picha ya enzi ya ukoloni wa Wabelgiji, mtu amelazwa chini anachapwa fimbo na mzungu amesimama na kofia yake, anamtolea, na watu walikuwa wakizitundika salon hizo tablo, wanakaa chini yake wanasimulia waliyoyapitia. Ile ilikuwa kazi ya heshima na sitakubali mtu aidharau. Alitulisha. Kwa hiyo nikimwambia papa kwamba msanii hasikilizi mteja nitakuwa namkana mjomba wangu.

Lakini mtoto si mteja na si fundi. Hapa ndipo nimefika, taratibu, kufikia Jumatano hivi. Mji huu wetu wa Lubumbashi uliwahi kulijaribu jambo hili, ulipokuwa bado unaitwa Elisabethville. Mwaka 1946 Mfaransa mmoja, Pierre Romain-Desfossés, alifungua atelye, karakana ya wachoraji, watu wakaiita Hangar, akawaambia vijana wasikopi tablo za Ulaya, kila mtu atoe alichonacho. Najua na yeye alikuwa na mawazo yake kuhusu namna Mwafrika anavyopaswa kuchora, hilo limeshasemwa sana na ni kweli. Ila angalia kilichotoka mle ndani. Pilipili Mulongoy na ndege na samaki wake, vinukta vimejaa kila mahali. Mwenze Kibwanga na vile vistari vyake vifupi vifupi vimelala sambamba kama kitambaa kinachofumwa. Na Bela Sara, huyo penso hakuhitaji, alitumia ncha za vidole! Atelye ni moja, mwalimu ni mmoja, na huwezi kuwachanganya hata ukisimama mbali. Kama mwalimu angekuwa anamalizia kila kona leo tungekuwa na Desfossés watatu, na Bela tusingemjua. Hilo ndilo ningemwonyesha papa, si kumwambia, kumwonyesha, ningemfungulia picha zao kwenye simu pale pale uani.

Alhamisi sasa. Nina ile tablo ya mteja wa mtaa wa Golf, shimni, yaani dohani, ya Gécamines, kampuni ya shaba, na mlima wa terril, yale mabaki ya kuyeyusha madini, mbingu ilikuwa imenigomea kabisa, ya bluu inakuwa postikadi, ya kijivu inakuwa kifo. Na mbingu yetu ya Oktoba siyo hivyo, ni vumbi lililopigwa na jua. Nikachukua bonge la udongo wa kichuguu, nikalitwanga, nikalichunga kwa kipande cha pazia kuukuu mpaka likawa laini kama unga wa kupaka mtoto, nikatia kole, ile gundi, ya mbao na maji kidogo. Nikaweka penso chini. Kwa vidole, kutoka juu ya terril kwenda juu, nachovya mara moja tu na nasukuma mpaka udongo unaniishia kidoleni wenyewe, kisha nachovya tena. Jamani. Ilikuja! Ile rangi inafifia yenyewe mahali inapotakiwa kufifia, na shimni ikasimama, mara ya kwanza tangu nianze naona hewa kati yangu na ile shimni. Nilicheka peke yangu mle ndani, nimejipaka mpaka kwenye viwiko, hata kula nilisahau. Nimejifunza kwa mtoto ambaye papa yake ananilipa nimfundishe. Juu kabisa kushoto nimeacha amerikani wazi, kiganja kizima, na mteja akiuliza nitamwambia ni ya nini.

Siku ya posho nikimwona papa nitamwomba asiitoe ile boksi salon hata kama haipendi, aiache mwaka mmoja tu.

Hayo yameshuka. Kinachoninyima usingizi leo ni jirani wa upande wa juu, ameanza kuchimba choo nyuma ya ukuta wetu, na kisima chetu kiko hapo hapo, hatua chache, na wote mnajua hapa mtaani kwetu Katuba maji ya kisima ndiyo tunayokunywa na mvua iko karibu kuanza. Nimemwambia kwa upole, amesema kiwanja ni chake. Yaya, mkubwa wangu wa kuzaliwa, anasema tuchemshe tu maji yote, lakini makaa ya kuchemshia maji ya nyumba nzima, na mapasa sasa, tutayatoa wapi? Kesho asubuhi naenda kwa shefu wa kartye, mkuu wa mtaa, kabla wachimbaji hawajafika, maana jioni hii shimo lilikuwa limeshawafika kifuani.