Bebinca Mapajani, Kutoka Southall Hadi Swindon

Anti aliniamsha saa kumi na moja alfajiri tuanze kupalia makaa, ingawa jikoni mwake hamna hata moja. Kwao Mombasa sufuria ya bebinca ilikaa juu ya moto mdogo, na makaa mengine yakapangwa juu ya mfuniko, vilevile mama zetu wanavyooka mkate wa kumimina. Hapa Southall, magharibi mwa London, anawasha moto wa juu wa oveni, anavuta kigoda na kukaa mbele ya kioo chake. Bado ananiambia, "Palia, mwanangu, palia," akitaka nizungushe kitufe.

Bebinca ni keki ya tabaka. Unachanganya tui zito, viini vya mayai, sukari, unga kidogo na kungumanga. Unapaka chombo samli, unamimina upawa mmoja, unangoja uso ugeuke rangi ya kahawia. Unapaka samli tena, unamimina upawa wa pili, unangoja tena. Anti anapika tabaka saba na hakubali hata moja ipunguzwe. Tui lilikuwa la mkebe, jambo linalomuuma, lakini mbuzi ya kukunia nazi aliyotoka nayo Kenya ilivunjika mguu miaka mingi iliyopita. Sasa imewekwa juu ya kabati la vyombo kama picha ya ndugu.

Nilikuja Uingereza kwa shughuli zangu nyingine, na mama aliniapisha nisirudi bila kumwona Anti. Nyumba zetu ziligawana ukuta, mtaa wa Ganjoni, Mombasa. Sisi Waislamu, wao Wakatoliki wa Kigoa, watu wa asili ya Goa, pwani ya magharibi ya India, au Magoa kama tulivyowaita mtaani. Sikukuu zetu zikija sahani zilivuka kwao, Krismasi yao sahani zikavuka kwetu. Mimi nilizaliwa wao wameshaondoka. Mama alikuwa na miaka kumi na mitatu siku teksi ilipowabeba kwenda kupanda ndege, na hadi leo anaweza kukutajia rangi ya sanduku. Kwa hiyo nilibeba alichonituma: halua, mabuyu, na leso mpya jozi moja yenye jina *Wema hauozi*. Anti alilisoma jina lile kwa sauti, taratibu, kisha akajifunga leso moja kiunoni na hakuivua siku mbili.

Ilikuwa Jumapili ya kuelekea San João, sikukuu ya Yohana Mbatizaji, ambayo Wagoa huiadhimisha tarehe 24 Juni. Mjukuu wa kaka yake amehamia Swindon kutoka Goa, na alikuwa ametualika. Mimi nikaambiwa kazi yangu ni kubeba bebinca.

Kwenye tabaka la tatu nilimuuliza Anti kwa nini waliondoka. Baba yake alitoka Siolim, kijiji cha wilaya ya Bardez kaskazini mwa Goa, akaja kuwa karani wa reli. Wagoa wengi walikuja hivyo: makarani, wapishi, mafundi cherehani, wapiga muziki. Wengine walipata nafasi mapema sana; Sultani wa Zanzibar alikuwa na bendi yake ya Wagoa, na mtu wa kwanza kufungua zahanati yake binafsi Nairobi, Dk. Ribeiro, alikuwa Mgoa aliyezunguka kwa wagonjwa akiwa juu ya punda milia. Anti alizaliwa Mombasa mwaka 1942. Goa aliiona mara mbili tu, akiwa mtoto na akiwa bibi. Uhuru ulipokuja, Wakenya wenye asili ya nje walipewa miaka miwili kuomba uraia, na baba yake akasita. Hofu ilikuwa nyingi, kila mtu na ushauri wake. Mwaka 1967 ikaja sheria ya vibali vya kazi. Halafu Februari 1968 ikavuma kwamba Uingereza nayo inafunga mlango kwa Waasia wa Afrika Mashariki wenye pasipoti zake. Bunge la huko lilipitisha sheria hiyo kwa siku chache tu, ikaanza kutumika mwezi Machi. Anti na wazazi wake waliwahi kwa majuma mawili.

"Baba alifunga mlango," akasema, "akaja kumpa bibi yako ufunguo. Akamwambia, labda tutarudi." Akanyamaza. Alipoinua macho tabaka la tatu lilikuwa limepita rangi yake. Akalipaka samli hivyohivyo na kumimina la nne.

Tulipanda treni Southall, tukabadilisha Reading. Bebinca ilikuwa mapajani mwangu ndani ya sinia lililofungwa kitambaa, bado ina joto, na harufu yake ya samli na kungumanga ikajaza behewa. Kijana mmoja aliyekaa mbele yetu aliitazama njia nzima. Anti alinionyesha dirishani mashamba ya kijani, lakini hadithi zake zote zilikuwa za Mombasa. Alinisimulia Seraphino Antao, mkimbiaji Mgoa wa Mombasa, aliyeipatia Kenya dhahabu za kwanza katika michezo ya Jumuiya ya Madola, Perth, mwaka 1962, yadi 100 na yadi 220. Anasema siku habari ilipofika, Waswahili, Wahindi na Wagoa walipiga kelele pamoja barabarani, na baba yake, aliyekuwa mtu mkimya mno, alicheza dansi na muuza kahawa. Antao alifia London mwaka 2011. Anti alikwenda kumwombea.

Alimtaja pia Pio Gama Pinto, mwanasiasa Mgoa wa Kenya, aliyeuawa kwa risasi Nairobi Februari 1965, binti yake mdogo akiwa ndani ya gari. Na Joseph Murumbi, baba Mgoa, mama Mmaasai, aliyekuwa makamu wa rais wa Kenya mwaka 1966. "Tulikuwa wachache," akasema, "lakini tulikuwamo." Neno hilo *tulikuwamo* alilirudia mara mbili.

Swindon ni mji uliokuzwa na karakana za reli karne ya kumi na tisa, na Anti aliposhuka stesheni alipiga ishara ya msalaba kwa ajili ya baba yake. Wagoa wa Swindon lakini si wa reli. Hawa ni wa juzi. Goa ilikuwa chini ya Ureno tangu 1510 hadi jeshi la India lilipoingia Desemba 1961, na Ureno huwapa waliozaliwa kabla ya hapo, pamoja na watoto na wajukuu wao, haki ya kudai uraia. Maelfu waliipata pasipoti ya Ureno, na kwa kuwa wakati huo Uingereza ilikuwa ndani ya Umoja wa Ulaya, wakaja moja kwa moja kwenye maghala na viwanda. Wanazungumza Kikonkani, lugha ya Goa, nyumbani, kazini na kanisani. Wazee wa Afrika kama Anti walilelewa kwa Kiingereza shuleni na Kiswahili mtaani. Wakikutana, kila upande humwona mwenzake ni Mgoa wa namna nyingine kidogo, na niliiona hali hiyo mara tulipoingia uani: salamu za heshima, kisha kimya, kisha viti viwili vikaletwa pembeni kwa ajili yetu.

Uani palikuwa na watu kama arobaini. San João huko Goa huangukia masika yao, visima vimejaa, na vijana hutumbukia ndani kukumbuka Yohana alivyoruka tumboni mwa mama yake Elisabeti. Wakwe wapya ndio wenye sikukuu. Bwana aliyeoa mwaka huo huitwa kwa wazazi wa mke na kutegemewa aruke. Siolim kwao Anti hupamba mashua zikapita mtoni. Huku hapakuwa na kisima wala mto. Palikuwa na bwawa la plastiki la watoto, lile la kujaza upepo, likinyweshwa kwa mpira wa maji.

Kila mtu alivaa *kopel*, taji la majani na maua. Nilikaa na wasichana wawili waliokuwa wakisuka yaliyobaki. Waliukata mmea wa kutambaa kutoka ua wa jirani, kwa idhini yake, wakauzungusha mara tatu, wakachomeka maua ya dukani na stroberi mbilimbili mahali ambapo kwao wangeweka matunda ya msimu. Vidole vyao vilikwenda haraka kama vya wasukaji ukili. Mmoja alinivika lake juu ya mtandio wangu, akalirekebisha lisikae upande, akaniambia sasa nimekuwa wa kwao mpaka jua lizame.

Ngoma ikaanza. *Ghumot* ni chungu cha udongo chenye matundu mawili, kubwa limewambwa ngozi, dogo limeachwa wazi na mpigaji hulifunga na kulifungua kwa kiganja ili sauti ipande na kushuka. Zamani ngozi ilikuwa ya kenge. Siku hizi kenge analindwa na sheria, wanatumia ya mbuzi. Wakaimba "Viva San João!" na mkwe mpya, jitu la futi sita lililooa Januari, likarudi nyuma hatua kumi, likakimbia, likaruka. Maji yalimwagika yote. Bwawa likapasuka. Watu wakalia kwa furaha, na watoto wakateleza juu ya nyasi hadi giza.

Chakula kilikuwa ndani. Anti, akiwa na leso yake kiunoni, aliingia jikoni na sinia, na mwenye nyumba, msichana wa miaka ishirini na kitu, akamwambia jambo kwa Kikonkani. Nililisikia neno moja: *mezar*. Anti akaweka sinia mezani bila kutafsiriwa na yeyote. Mimi nikacheka, nikamwambia msichana kwa Kiingereza kwamba hata mimi nimeelewa, sisi tunasema *meza*. Mreno alitupa wote neno lile, wao upande wao wa bahari, sisi upande wetu. Akaniuliza mengine. *Kaju*, akasema, akionyesha korosho. *Kanju*, nikamjibu, ndivyo pwani tunavyoliita bibo. Nikamshika Anti leso: hii nayo ilitoka kwa *lenço*, kitambaa cha Mreno. Msichana akaishika pindo, akauliza maandishi yanasemaje. Anti ndiye aliyemfasiria, na kutoka hapo hakukaa tena pembeni. Alisema, "Kikonkani changu mimi cha jikoni tu," na kumbe jikoni ndiko kulikokuwa na mkutano.

Walimwuliza walivyopika Afrika. Akawaeleza kwamba *sanna*, vile vikate vya mchele vya mvuke, mama yake aliviumua kwa tembo la mnazi alilonunua kwa mgema wa Kidigo, kama watu wa Siolim wanavyotumia *sur* yao. Akawaeleza vilabu pia, na hakuwaficha: Mombasa na Nairobi makarani walikuwa na klabu yao, mafundi cherehani yao, na mtoto wa fundi hakucheza dansi kwa makarani. Bibi mmoja aliyetoka Goa mwaka jana alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayesikia habari za nyumbani.

Kwenye jiko, nyuma ya sufuria kubwa ya *sorpotel* ya nguruwe, palikuwa na sufuria ndogo imefunikwa sahani. Anti alikuwa amempigia simu mwenye nyumba siku nne kabla. Ndani palikuwa na *xacuti* ya kuku wa halali, nazi yake imekaangwa mpaka ikawa nyeusi kidogo, upawa wake pembeni usichanganywe. "Hiyo yako," akasema. Mama alikuwa ameniambia kwamba enzi zile ilikuwapo sufuria kama hiyo kwao, imewekewa sisi.

Bebinca ilikatwa mwisho, vipande vyembamba, na wazee wakaimba *mando*, zile nyimbo zao za polepole za mapenzi na kuagana. Maneno Anti hakuyajua yote, lakini midomo yake ilifuata.

Bebinca haiharibiki upesi. Kipande changu nilikifunga kwenye karatasi nikasafiri nacho hadi Mombasa, na siku ya tano mama akakifungua barazani, baada ya alasiri. Alikitazama upande upande kabla ya kula, akahesabu tabaka kwa ncha ya kisu kutoka chini.

"Saba," akasema. Kisha akarudi kwenye ule mstari mweusi. "La tatu liliungua. Mlikuwa mnazungumza nini?"