Springi iliyoshikana

Nimefunga kibanda saa mbili usiku, macho yameisha kabisa, lakini silali kabla sijaandika hii.

Jumatatu kuna mama aliniletea Seiko 5 ya marehemu mumewe hapa River Road. Akaniambia, "Fundi, hii saa inakimbia, asubuhi naiset, kufika jioni imepita dakika tatu." Nikaona ni kazi ndogo. Nikafungua kifuniko cha nyuma, nikasukuma ule mkono wa kurekebisha kasi upande wa kuchelewesha, kesho yake bado inakimbia, nikasukuma tena, bado, mpaka mkono ukafika mwisho.

Alhamisi ndio nikakumbuka simu. Nikailaza juu ya vitabu viwili, lenzi yangu ya jicho nikaibandika mbele ya kamera na selotepu, tochi nikaweka pembeni, nikarekodi slo moshoni ya fremu 240, yaani picha 240, kwa sekunde. Mashine ya hiyo Seiko inapiga mara 21,600 kwa saa, yaani mara 6 kila sekunde, kwa hivyo kila pigo linapata fremu 40. Kwa macho tu unaona kitu kinatetemeka. Kwa vidio nikaona gurudumu linaenda linarudi, na ile springi nyembamba kama unywele inafunguka, inajikunja, inafunguka, halafu mizunguko miwili ya ndani ikashikana kama nywele zilizolowa maji. Nilirudisha hapo mara nyingi sana.

Ni sumaku! Mizunguko ikishikana springi inakuwa kama imefupishwa, na springi fupi inaharakisha gurudumu. Nikasogeza dira karibu, sindano ikageuka. Nikampigia.

"Mama, usiku hii saa unaiweka wapi?"

"Juu ya woofa. Marehemu alikuwa anaiweka juu ya redio, sasa ile redio iliharibika, kijana akaleta woofa."

Nilinyamaza kidogo, ju spika ya woofa ina sumaku kubwa ndani. Imeniuma vile nilisukuma mkono siku mbili bila kuangalia springi yenyewe, ju nilipoitoa sumaku saa ikaanza kuchelewa, ikabidi nirudishe kila kitu nilichogusa.

Kamera nayo ina mahali inafika. Fremu moja ni kama milisekunde 4, na tofauti kati ya pigo la kwenda na la kurudi naitaka isizidi milisekunde 1, hiyo kamera haiwezi kukuonyesha. Hapo lazima mashine ya maikrofoni inayosikiliza mapigo, na mimi naipima alfajiri kabla matatu hazijaanza honi.

Ila kwa kujua saa inakimbia kiasi gani kwa siku, picha inatosha. Jana saa moja asubuhi nikaipiga picha ikiwa imelala uso juu, leo saa moja tena, ju kila picha simu inaiandikia wakati wake hadi sekunde, nalinganisha na mshale. Imeenda mbele sekunde 11. Sa hivi nimeisimamisha kwa upande, kifundo cha kuset saa kikiangalia chini, kesho nitaipiga tena nikiwa nyumbani. Mama anakuja Jumatatu. Nimeshamwambia atafute pahali pengine pa kuiweka, amesema ataiweka juu ya Biblia.